Jina la Mohun Bagan lina wenyewe

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za jioni wazee wangu mliokaa hapo mbele, mama zangu, na nyie vijana wa nyuma mliovaa jezi za kila rangi, karibuni na asanteni kwa kuja maana najua jumapili jioni kila mtu ana mambo yake.

Mwenyekiti aliponiomba niongee kuhusu historia ya klabu ya nje alijua nitaleta Ulaya, maana ndo tumezoea. Nikamwambia hapana, nataka nilete klabu moja ya India, mji wa Kolkata, inaitwa Mohun Bagan. Akaniuliza, India si kriketi? Kriketi ipo na ndo yenye hela, ila Kolkata ni mji wa mpira, na mi nimekaa pale miaka minne nasoma kuanzia 2007, nimekula kwao, nimelia nao uwanjani, kwahiyo nitaongea kama mtu anaeongelea nyumbani kwake kwa pili.

Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu wa reli, sote tulimwita Dadu, yani babu kwa Kibengali, na mkewe tulimwita Dida, bibi. Siku ya kwanza nafika na begi langu, kabla hajaniuliza dini wala kama nakula nyama, swali la kwanza lilikua we ni Mohun Bagan au East Bengal? Nikamwambia mzee mi nimefika jana. Akaenda kabatini akatoa kikaratasi kimekunjwa ndani ya nailoni, kimepauka, kingo zimeisha, akakiweka mezani taratibu kama mtu anaweka yai. Kadi yake ya uanachama wa Mohun Bagan. Akaniambia ukikaa kwenye nyumba hii utajua. Dida akiwa jikoni akaitikia kwa sauti kwamba nyumba hii ni ya wawili. Hiyo ntairudia.

Sasa tuanze na hiyo klabu yenyewe. Imeanzishwa tarehe 15 Agosti 1889, kaskazini mwa mji, kwenye jumba moja kubwa lenye bustani, na hilo neno bagan ndo bustani yenyewe. Rais wa kwanza alikua Bhupendra Nath Basu, mwanasheria, ambae baadae alikuja kuongoza chama cha siasa cha Congress. Wakati huo Calcutta, maana ndo ilivyokua inaitwa, ndo makao makuu ya serikali ya Waingereza India nzima. Mpira umeletwa na wanajeshi wao, viwanja vizuri vyao, marefa wao, makombe yao. Kombe kubwa pale mjini lilikua IFA Shield, yani ngao ya chama cha mpira cha pale, limeanza 1893, na kila mwaka lilikua linaenda kwa timu ya wazungu, mara nyingi timu ya kikosi cha jeshi. Wenyeji walikua wanaruhusiwa kuingia timu chache tu, tena kama wasindikizaji.

Mohun Bagan wakajijenga kimya kimya, wakachukua Trades Cup mara tatu mfululizo, 1906, 1907 na 1908. Na hapo katikati mjue hali ya nchi ilivyokua, mwaka 1905 gavana mkuu Lord Curzon alikua ameligawa jimbo la Bengal vipande viwili, watu wakachukia vibaya sana, wakaanza kugomea bidhaa za Uingereza, nguo za Manchester zinachomwa moto barabarani. Kwahiyo timu inapoingia uwanjani mwaka 1911 haichezi mpira peke yake, imebeba na hasira ya watu ambao hawana jeshi wala bunge.

Mwaka huo 1911 wakaanza Shield. Wakawatoa St Xavier's, wakawatoa Rangers, wakawatoa Rifle Brigade, nusu fainali wakakutana na kikosi cha Middlesex wakatoka sare ya 1-1, ikarudiwa, wakashinda 3-0. Fainali ni tarehe 29 Julai 1911 dhidi ya East Yorkshire Regiment. Wanajeshi. Wamekula vizuri, wamevaa njumu za ngozi. Na huku upande wa pili wachezaji kumi kati ya kumi na moja wako peku. Peku kabisa jamani, miguu mitupu. Aliekua amevaa viatu ni mmoja tu, beki Sudhir Chatterjee, mwalimu, Mkristo, ambae baadae akaja kuwa mchungaji.

Naomba hapo tusimame kidogo. Wengi hapa tumecheza peku utotoni, tunajua mtu mwenye njumu akikukanyaga kidole inakuaje, unaona nyota mchana. Sasa fikiria fainali nzima unaingia kwenye takolin ya mwanajeshi mwenye njumu na wewe una vidole vyako tu vya Mungu. Na Julai Kolkata ni msimu wa mvua, mi nimeiona, inaweza kunyesha kutwa nzima na ardhi inakua kama sabuni. Hao vijana hawakua na chaguo lingine, walikua wamekua hivyo, mpira wao ulikua wa pasi fupi fupi na chenga na mbio za pembeni, hasa ndugu wawili Bijoydas Bhaduri na Shibdas Bhaduri, mkubwa anatengeneza na mdogo, Shibdas, ambae ndo kapteni, anapita winga ya kushoto.

Siku hiyo Calcutta ilisimama. Kulikua na treni za ziada na meli za mtoni zinaleta watu kutoka vijijini, watu wamepanda miti, wamepanda juu ya masanduku, makadirio ya wakati ule yanafika hadi watu elfu themanini na wengine wanasema laki. Uwanja wenyewe ulikua ni wa pale Maidan, lile eneo la wazi kubwa katikati ya mji, hauna jukwaa la kuwatosha watu wote hao, walio wengi hawakuona hata mpira ulivyo. Ndo wakatumia tiara, wengine mnaita kishada. Goli likiingia wanarusha tiara juu limeandikwa matokeo, na aliekaa mbali kabisa anainua macho anajua timu yake ikoje. Mi kila nikikumbuka hiyo ya tiara mwili unasisimka, watu laki wanaangalia mbinguni kujua kama wamepata goli.

Tiara la kwanza lilikua baya. East Yorkshire walipata mpira wa adhabu, Jackson akafunga. 1-0. Zimebaki dakika chache Shibdas Bhaduri akasawazisha, na kabla watu hawajamaliza kukumbatiana Shibdas huyo huyo akavuta mabeki akamuachia Abhilash Ghosh, straika, kijana mwanafunzi, akaweka la pili. 2-1. Firimbi ikalia. Timu ya wenyeji ya kwanza kabisa kuchukua IFA Shield, miaka kumi na nane tangu kombe lianze. Wahindu na Waislamu walisherehekea pamoja usiku ule, na habari ikatumwa hadi magazeti ya London.

Kuna kisa wanasimulia Kolkata, Dadu alinisimulia si chini ya mara kumi. Kwamba wachezaji wakiwa wanatoka uwanjani mzee mmoja aliwaonyesha bendera ya Uingereza inayopepea juu ya ngome ya Fort William pale jirani, akawauliza, na ile mtaishusha lini? Mtu mmoja akamjibu, siku Mohun Bagan watakapochukua tena Shield. Sasa kama kisa ni kweli neno kwa neno au watu wamekipamba sijali sana, ila angalieni tarehe. Mohun Bagan walichukua Shield kwa mara ya pili mwaka 1947. Na mwaka 1947 mnaujua, bendera ile ilishushwa, tena tarehe 15 Agosti, birthday ya klabu.

Mwezi Desemba mwaka ule ule 1911 mfalme alitangaza Bengal inaunganishwa tena na makao makuu yanahamia Delhi. Sitaki kuwadanganya kwamba ni goli la Abhilash ndo lilihamisha makao makuu, siasa zilikua nyingi na za muda mrefu. Ila kwa mtu wa kawaida wa Calcutta mambo yale yalikua yanasogea pamoja, ameona kwa macho yake kwamba mzungu mwenye njumu anafungika, hakuna hotuba inayoweza kumfundisha mtu hicho kitu. Mpaka leo tarehe 29 Julai ndo Mohun Bagan Day, wanapewa tuzo wakongwe wa klabu, na wale kumi na moja wanaitwa Amar Ekadash, kumi na moja wasiokufa.

Haya, sasa hiyo nyumba ya wawili.

Mwaka 1920 kulikua na mechi kati ya Mohun Bagan na Jorabagan. Jorabagan wakamuacha nje mchezaji wao Sailesh Bose, na kiongozi mmoja wa klabu hiyo, Suresh Chandra Chaudhuri, akakasirika, akaona mwenzao kaachwa kwa sababu ni mtu wa kutoka mashariki mwa Bengal. Akajitoa. Siku chache tu, tarehe 1 Agosti 1920, ikazaliwa klabu inaitwa East Bengal. Sisi watu wa Simba na Yanga hiyo tunaijua bila kufundishwa, timu kubwa nyingi zimezaliwa kwa mtu kukasirika.

Afu ikaja 1947 yenyewe, nchi ikagawanywa, mashariki ikawa Pakistan na baadae ndo Bangladesh. Mamilioni ya watu wakahama kuja Kolkata, wamebeba watoto na sufuria, wanalala stesheni ya Sealdah, wanalala makambini. Hawana ardhi, hawana jina, wenyeji wanawaita Bangal na lafudhi yao inachekwa. Wakaikuta klabu mjini pale ina jina la kwao. Sasa we fikiria umefukuzwa kwenu na nchi yako haipo tena kwenye ramani kwa jina ulilolijua, afu kila jumamosi kuna watu kumi na moja wanavaa jezi nyekundu na dhahabu na watu maelfu wanaliimba jina la nyumbani kwenu. Ndo maana nasema jina la klabu sio kibandiko. Wenyeji wa magharibi, wanaoitwa Ghoti, wakabaki na kijani na maruni ya Mohun Bagan. Na ukweli mchungu kidogo ambao Dida alikua hachoki kumkumbusha mumewe ni kwamba wengi wa wale kumi na moja wa 1911 asili yao ilikua mashariki.

Maana Dida alikua Bangal. Familia yake ilihama akiwa msichana mdogo. Ghoti na Bangal wameoana, na siku ya dabi kulikua na sufuria mbili jikoni.

Samaki ndo alama. Mohun Bagan wana kamba, wale wakubwa, chingri wanaita, wanapikwa kwa tui la nazi, na mi mtoto wa pwani siku ya kwanza kuonja nilinyamaza kabisa maana ilikua ladha ya kwa mama. East Bengal wana samaki anaitwa ilish, wa mtoni, ana mafuta na ana miba kama sindano, anapikwa kwa haradali hadi macho yanatoa machozi. Timu ikishinda ndo samaki wake anapanda bei sokoni kesho yake. Sikuamini mpaka nilipotumwa sokoni mwenyewe jumatatu asubuhi muuzaji akanitajia bei ya kamba, nikamuuliza mbona imepanda hivi, akanionyesha matokeo kwenye gazeti alilofungia vitunguu.

Lakini msidhani ni samaki na nyimbo tu. Kuna maumivu. Tarehe 30 Septemba 1975, fainali ya Shield, East Bengal waliwapiga Mohun Bagan mkono. 5-0. Usiku ule kijana mmoja shabiki wa Mohun Bagan alijitoa uhai na kuacha barua kwamba akizaliwa tena atakuja kuwa mchezaji wa Mohun Bagan alipe kisasi. Na tarehe 16 Agosti 1980, pale uwanja wa Eden Gardens, dabi ya ligi, wachezaji wawili wakatolewa kwa nyekundu, vurugu zikaanza jukwaani, watu wakakimbizana na kukanyagana, wakafa mashabiki kumi na sita. Kumi na sita waliotoka nyumbani kwenda kuangalia mpira. Kila mwaka tarehe hiyo Kolkata mashabiki wanaenda kuchangia damu, kijani na nyekundu kwenye foleni moja, mi nilienda mwaka 2009, niliekaa nae kitanda cha pili alikua na jezi ya East Bengal na hatukuongea chochote kuhusu mpira. Nawaomba vijana wangu mnaosukumana getini pale kwetu mlibebe hilo.

Mwaka huo huo 2009, tarehe 25 Oktoba, Dadu akanichukua kwenda Salt Lake. Huo uwanja ni mkubwa mnoo, mwaka 1997 uliwahi kuingiza watu 131,000 kwenye dabi ya nusu fainali ya Federation Cup, East Bengal wakashinda 4-1 na Bhaichung Bhutia akafunga hat-trick, na kwa kuwa tuko hapa niseme kwamba miaka hiyo East Bengal walikua na beki Mkenya, Sammy Omollo, kwahiyo jina la Afrika Mashariki Kolkata si geni. Dadu alikua na umri wa miaka sabini na kitu, anatembea na fimbo, lakini siku ile fimbo aliacha kwenye basi kwa haraka ya kushuka. Tulikaa upande wa kijani na maruni. Nyuma yetu kuna kijana ana bango refu limeandikwa namba tu, 1975, hakuna kingine.

Mechi ikaisha 5-3. Mohun Bagan tano, na katika hizo tano nne alifunga mtu mmoja, Chidi Edeh, Mnigeria. La tano lilipoingia Dadu hakushangilia. Alikaa chini akashika magoti, analia bila sauti, mi nikaogopa nikadhani moyo, nikamshika mkono, akaniambia kwa Kiingereza chake cha reli, thelathini na nne. Miaka thelathini na nne amebeba zile tano. Watu wazima wote waliotuzunguka walikua wanafanya hesabu hiyo hiyo, nilikua nawaona midomo inatembea.

Tumerudi nyumbani usiku, Dida ameshajua matokeo kwa tv. Sufuria ya ilish ameifunika na sahani. Ya kamba ameiweka katikati ya meza, akapakua, akampa mumewe wa kwanza, yeye mwenyewe hakula, akakaa anamuangalia anavyokula. Nimeona heshima nyingi maishani ila ile ilikua nyingine.

Kuna mengi nayaruka. Sailen Manna aliekaa na klabu hiyo miaka kumi na tisa, Chuni Goswami aliewaongoza India kuchukua dhahabu ya Asian Games 1962 na hakucheza klabu nyingine kubwa maisha yake, na tarehe 24 Septemba 1977 Pele mwenyewe alikuja na New York Cosmos, tope limejaa Eden Gardens, Mohun Bagan wakatoka nao 2-2. Miaka mingi klabu ilikataa kuchukua wageni, wakaja kufungua mlango 1991 kwa Chima Okorie, nae Mnigeria, baadae akaja Mbrazil Jose Ramirez Barreto wakampenda kama mtoto wa mtaani kwao.

Nataka nifike kwenye kilichonileta, maana mwenyekiti anajua kwanini nimeomba hii nafasi wakati huu tunapojadili wawekezaji na hisa za klabu yetu.

Hela ya mpira India ilibadilika. Mwaka 1998 kampuni ya vinywaji ikaingia na jina likawa McDowell Mohun Bagan, watu wakanung'unika ila wakameza, kwasababu timu ilikua inahitaji mishahara. Mwaka 2014 ikaanzishwa ligi mpya ya matajiri, Indian Super League, kifupi ISL, timu zake zimetengenezwa upya kabisa, na Kolkata ikapewa timu inaitwa Atlético de Kolkata, kifupi ATK, imeshirikiana na Atlético Madrid. Klabu ya mwaka 1889 ikabaki nje kwenye ligi ya zamani, hela kidogo, tv kidogo. Machi 2020 wakachukua ubingwa wa ligi hiyo ya zamani chini ya kocha Kibu Vicuña, siku chache baadae korona ikafunga kila kitu. Lakini miezi miwili kabla, Januari 2020, ilikua imeshatangazwa, kampuni ya RP-Sanjiv Goenka yenye ATK inachukua asilimia 80 ya Mohun Bagan, na timu mbili zinakua moja. Jina likawa ATK Mohun Bagan.

Rangi zilibaki kijani na maruni. Nembo ya mashua ya tanga ilibaki. Wachezaji wakubwa wakaja, hela ikaja, na tarehe 29 Julai 2020 rangi za klabu zikawaka kwenye lile bango kubwa la Nasdaq pale Times Square, New York. Mtu wa nje anaweza kuuliza sasa wanalia nini? Herufi tatu tu mbele ya jina.

Nilimpigia Dadu mwaka huo. Nikamwambia Dadu hongera, mko na hela sasa. Akanijibu, mwanangu, wale vijana walicheza peku, kama tungekua tunataka viatu kuliko jina tungeenda kuchezea timu ya jeshi. Akasema hatakata tiketi mpaka herufi hizo zitoke, mtu aliekua hajakosa dabi ya Kolkata tangu ajiriwe reli. Na hakua peke yake. Lilipotoka tangazo linalochanganya mataji ya ATK na ya Mohun Bagan kama vile ni historia moja watu walilipuka, maana unaweza kununua hisa ila huwezi kununua 1911, hukuwepo. Maandamano yakaanza, mabango ya Remove ATK yakajaa mitaani hadi kwenye mechi zenyewe, wengine wakagoma kuingia uwanjani hata timu ikishinda. Kushinda kukawa hakutoshi! Wakuu hiyo ni kitu kubwa kwa shabiki, kumuona bingwa na ukasema siendi.

Na mi hapa nasema wazi mbele ya wazee wangu, mwekezaji mi simkatai. Bila hela ya Goenka labda leo Mohun Bagan wangekua wanacheza ligi ya mkoa. Mchezaji anataka mshahara tarehe 30, hali historia. Ninachokataa ni pale kwenye meza ya mkataba watu wanapoandika idadi ya hisa, idadi ya viti vya bodi, afu jina na rangi na tarehe ya kuzaliwa vinaachwa kama vile havina mwenyewe. Vina wenyewe. Mwenye kadi iliyopauka ndani ya nailoni ni mwenyewe. Tukikaa kujadili ya kwetu mi nataka hicho kiandikwe kifungu cha kwanza, kabla ya pesa.

Tarehe 18 Machi 2023, fainali ya ISL pale Goa, ATK Mohun Bagan na Bengaluru wakatoka 2-2, wakaenda kwenye matuta, Mohun Bagan wakashinda 4-3. Mabingwa. Na kabla jasho halijakauka Sanjiv Goenka mwenyewe akatangaza kwamba kuanzia msimu unaofuata ATK inatoka. Jina linakua Mohun Bagan Super Giant. Dadu alinipigia saa za usiku, huku kwetu bado mapema. Hakuongelea matuta wala kipa. Alisema tu, wameitoa. Wameitoa. Akampa simu Dida niongee nae, na Dida, mtu wa East Bengal toka tumboni, akaniambia leo atalala na raha huyu, miaka mitatu alikua ananung'unika usingizini. Baadae timu ikaendelea vizuri, msimu wa 2024-25 wakachukua ngao ya ligi na kombe lenyewe, ila kwa wale wazee mechi kubwa ilikua ile ya jina.

Namalizia na hii ya mwaka 2024 afu ntapokea maswali.

Agosti 2024 mjini Kolkata daktari mmoja msichana alibakwa na kuuawa akiwa zamu, ndani ya hospitali. Mji mzima ukaingia barabarani. Tarehe 18 Agosti ilikua kuna dabi, kombe la Durand Cup, Salt Lake. Mamlaka ikafuta mechi, polisi wanasema usalama hautatosha, na kila mtu alijua mashabiki wa pande zote walikua wamejipanga kudai haki yake mle ndani. Basi wakaenda hivyo hivyo. Mechi hakuna, wao wakaenda. Kijani na maruni, nyekundu na dhahabu, na klabu nyingine ya mji, Mohammedan Sporting, na nyeusi na nyeupe yao, wote nje ya uwanja kwenye mvua wanadai haki ya yule binti. Polisi wakawapiga virungu. Kuna picha ilisambaa dunia nzima, shabiki wa Mohun Bagan amembeba begani shabiki wa East Bengal.

Mjukuu wao Dadu alikuwepo pale. Aliondoka nyumbani na skafu ya kijani, akarudi usiku amelowa, sauti imeisha, na shingoni ana skafu nyekundu na dhahabu, alibadilishana na kijana asiemjua jina. Dida alikua ameshanunua samaki wote wawili asubuhi, hakuna aliepika. Akaichukua ile skafu bila kusema neno, akaifua kwa mkono, akaianika kwenye kamba ya barazani, na Dadu akatoka akaweka kiti chake chini yake akakaa pale mpaka ikakauka.